Siku Mama Alipokutana na Nyachira

Juzi nilifungua chupa ya siki jikoni nitengeneze kachumbari, na kabla sijaimimina nilikuwa nimesimama kimya na kisu mkononi, machozi yananitoka, na kitunguu sijakigusa bado. Tangu tumzike Mama sijui ni nini kitanishika na wapi. Harufu ya siki kwangu si ya chakula. Ni ya kile chumba kidogo nyuma ya studio yake mjini Migori, chumba chenye taa nyekundu na beseni tatu, ambamo watu walijitokeza polepole juu ya karatasi, kwanza nyusi, kisha kola ya shati, kisha mtu mzima, huku Mama akitikisa beseni na kuniambia nisipumulie ile dawa yake iliyonuka siki. Ninyi wa rika langu mnazikumbuka picha hizo, nyeusi na nyeupe, zenye kingo zilizokatwa kama meno. Watoto wangu hupiga picha mia kwa siku moja na hawajui picha inanuka nini.

Mama alikuwa mpiga picha. Neno hilo nalisema waziwazi kwa sababu wakati ule wengi lilikuwa haliwatoki mdomoni. Walisema "yule mama wa studio," kana kwamba kazi yake pale ilikuwa kufagia. Alifundishwa na mjomba wake huko Homa Bay akiwa msichana, na mjomba alipozeeka na mikono kuanza kutetemeka, alimwachia kamera na pazia moja lililochorwa ndege inayopaa. Aliolewa Migori akaja na vitu hivyo viwili badala ya masufuria, na mama mkwe wake hakuacha kulisema jambo hilo mpaka alipofariki. Siku za kawaida alipiga picha za kitambulisho, wanafunzi waliomaliza shule, na wafanyabiashara kutoka Isebania waliopenda kusimama mbele ya ile ndege wakiwa wameshika mkoba, kama watu wanaochelewa safari. Wote walisimama wima, mikono imebanwa mapajani, wakishikilia pumzi. Mama aliwaambia wapumue, hawakupumua.

Baba alikuwa mvuvi Sori, kando ya ziwa. Alikuja nyumbani baada ya wiki mbili, pengine tatu, akiwa na samaki kwenye mfuko na jua la ziwani usoni. Nilimpenda sana, lakini kulikuwa na jambo moja kati yetu ambalo yeye hakulijua. Jambo hilo liliitwa Nyachira.

Kwetu Waluo, mwanamume akioa wake wawili, wa kwanza huitwa mikayi na wa pili nyachira. Hilo nililijua hata kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Na nyumbani kwetu, wakati wa kula, jina hilo la pili lilitajwa kama chumvi. "Wiki ijayo sitakuja," Baba angesema, "naenda Remba na Nyachira." Au, "Nyachira amepakwa rangi, sasa anapendeza kweli." Mara moja nilimsikia akilalamika kwamba Nyachira siku hizi anakunywa maji kupita kiasi, na Mama akamjibu bila hata kuinua macho kutoka kwenye mboga, "Basi mwite fundi amzibe." Usiku huo sikulala mapema. Nilijaribu kuwaza fundi anamzibaje mtu mzima, na anamzibia wapi.

Msinicheke. Mtoto hupewa maneno na watu wazima, hapewi ufunguo wake.

Kilichoniuma zaidi ni Mama mwenyewe. Jirani yetu Mercy, ambaye nilicheza naye kamba, mama yake alikuwa mikayi, na baba yake alipoleta mke wa pili, mama yake alifunga vitu vyake akarudi kwao Gwassi. Mercy aliniambia hayo kwa sauti ya mtu anayetoa onyo. Kwa hiyo nilikuwa nikimchunguza Mama nione kama anafunga vitu. Hakufunga. Siku moja Baba alikuja na gunia la kitambaa akasema, "Nguo ya Nyachira imeraruka tena. Unaweza kuipitisha kwa cherehani?" Nilingoja Mama amrushie sufuria. Badala yake alikwenda kuazima cherehani kwa jirani, akaketi siku mbili nzima akiunganisha vipande vya magunia ya unga, akiimba. Ile nguo ilipomalizika ikatandazwa uani, nikaipima kwa miguu yangu. Hatua kumi na moja kutoka ncha hadi ncha. Nilimwona Nyachira kwa akili yangu: mwanamke mnene kama nyumba, amepakwa rangi, anakunywa maji ndoo kwa ndoo, amevaa magunia ya unga, na bado Baba anampenda. Nikamhurumia Mama.

Basi ikatokea kwamba wenye mashua wa Sori walijenga banda jipya la kupimia samaki, na mwenyekiti wao akataka ukuta wake upambwe kwa picha kubwa za mashua zao sita, kila moja ikiwa majini, tanga limejaa, na watu wake ndani wanaonekana sura. Wengi walitaka aitwe mtu fulani wa Kisumu mwenye kamera ndefu. Baba akasema mke wake anaweza. Wakamcheka kidogo, lakini mwenyekiti alikuwa mtu wa haki, akasema huyo mama aje, apewe siku moja. Akiweza, kazi ni yake. Asipoweza, ataitwa yule wa Kisumu na hakuna atakayemlaumu mtu.

Kwa wiki nzima Mama hakutulia. Alifuta lenzi kwa kitambaa laini, akaifuta tena, akapiga picha mbuzi wakikimbia, bila filamu, kwa mazoezi tu. "Awino," aliniambia, "mimi nimechoka kupiga watu waliosimama." Sikumbuki kumwona akiitaka kazi yoyote namna ile kabla wala baada. Aliitaka kazi ile kama mtu anavyotaka maji. Na jioni ya mwisho Baba, ambaye alikuja kumchukua, akasema maneno yaliyonimaliza: "Nyachira naye atakuwepo. Ile nguo mpya ndiyo atavaa."

Nikaamua kwamba nitakwenda, hata wakinifungia mlangoni nitapitia dirishani. Kwa bahati hakuna aliyenifungia.

Tulikwenda na lori la barafu lililotoka mjini alfajiri kufuata samaki. Baba na Mama walikaa mbele na dereva, mimi magotini pa Mama, na kamera magotini pangu ikiwa imefungwa ndani ya leso mbili. Njia nzima nilipanga maneno. Nilikuwa nimeshaamua kumwita "wewe" na si "mama mdogo."

Sori iliingia puani kabla ya machoni. Omena, wale dagaa wa ziwani, walikuwa wameanikwa kwenye nyavu chakavu ufuo mzima, wanang'aa kama vipande vya vioo, na makorongo wakubwa wenye vipara walitembea katikati yao taratibu kama wakaguzi wa shule. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, wakigeuza omena kwa mafagio, wakipigiana kelele za utani. Niliwapitia mmoja mmoja kwa macho. Wengine walikuwa wanene, lakini hakuna aliyefikia hatua kumi na moja.

Mwenyekiti alikuwa mtu mfupi aliyevaa kofia ya sufu katika joto lile. Mama alimsalimia kwa kuinama kidogo, kisha akaanza kazi papo hapo. Alitazama jua, akatazama maji, akalowesha kidole na kukiinua. Akaeleza mpango wake. Asubuhi upepo hutoka nchi kavu, kwa hiyo mashua zinapoondoka mtu wa ufuoni huona migongo tu. Alasiri upepo huzirudisha, lakini wakati huo jua liko ziwani nyuma yao, na nyuso zote huwa makaa. Lakini kuna muda wa saa moja tu, karibu na saa tano, upepo unapogeuka kuelekea nchi kavu na jua bado liko upande wa Migori. Saa hiyo mashua huja na tanga limejaa na mwanga umewapiga watu usoni.

"Saa hiyo ndiyo yangu," Mama alisema. "Na lazima niwe kwa maji. Hapa kwenu kuna mawe, mnashusha tanga mbali sana. Kutoka hapa mtakuwa nzi."

Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Watu waliokuwa wamekusanyika wakatazamana. Nadhani hawakutarajia mtu wa mjini ajue upepo wao.

Kisha Mama akafungua leso, akavaa kamera shingoni, akaanza kutembea kuelekea mahali ambapo mashua ya Baba ilikuwa imevutwa mchangani. Hapo ndipo Mzee Ogolla aliposimama mbele yake.

Mzee Ogolla alikuwa ndiye mshika usukani wa Baba, na kabla ya hapo wa babu yangu. Mrefu, mkavu, sikio moja limekatika ncha, na kila alichosema alikisema kana kwamba umemwuliza mara ya tatu.

"Min Awino," alisema, yaani mama yake Awino, "huku kwa maji haendangi mwanamke."

"Mzee, mimi siendi kuvua. Naenda kupiga picha."

"Hata kama ni kupiga magoti. Boti ni mwanamke. Wewe ukipanda, ataona wivu. Leo utarudi salama, uende zako Migori. Kesho nyavu inatoka tupu, na ni sisi tutalala njaa."

"Nani alisema boti iko na wivu?"

"Wewe umeolewa, na bado unauliza wivu inatoka wapi?"

Watu wakacheka, na Mama akacheka pia, lakini nilimwona akimtazama Baba. Baba alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Leo, nikiwa mtu mzima, namwelewa. Mzee Ogolla akiondoka, wavuvi wengine watatu wa mashua yetu wanaondoka naye, na mashua bila watu ni mbao tu. Siku ile sikumwelewa hata kidogo.

"Piga tu kutoka hapa, Min Awino," alisema kwa sauti ya chini. "Watu wataelewa."

"Wataelewa nini? Kwamba nilishindwa?"

Mama akawageukia wenye mashua nyingine, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akapata kitu cha kutazama mahali pengine. Mwenyekiti aliinua kofia yake akajikuna, akatazama jua lilipofika. "Pole sana, mama," alisema, na kweli ilimuuma, "kama haiwezekani, basi tutaita yule wa Kisumu. Si makosa yako."

Mama alivua kamera shingoni akaanza kuifunga tena ndani ya leso, polepole, kona juu ya kona. Nilikuwa nimesimama kiunoni pake na niliona mikono yake. Mikono ile haikuwahi kukosea, hata gizani, hata akimimina dawa. Sasa ilikuwa inazikosa kona za leso, na mimi nikaelewa kila kitu kwa akili yangu ya miaka saba: kuna mwanamke hapa mwenye wivu anayemzuia Mama asifanye kazi yake, na Baba anamwogopa.

"Yuko wapi huyo Nyachira?" Nilipiga kelele mpaka korongo mmoja akaruka. "Mwambieni atoke! Mama ndiye mikayi! Nyachira ni nani wa kumkataza mikayi?"

Ufuo mzima ukaangua kicheko. Wanawake waliokuwa na mafagio waliyaachilia. Baba alijifunika uso kwa mikono miwili. Mmoja wa wavuvi, machozi yakimtoka, alinishika kichwa akakigeuza kuelekea ile mashua nyuma ya Mzee Ogolla, ndefu, ya rangi ya samawati iliyopakwa upya, na kwenye mlingoti wake limefungwa lile vazi la magunia ya unga nililolipima kwa miguu yangu mwenyewe. Ubavuni kulikuwa na herufi nyekundu. Nilikuwa nimeanza tu kusoma. Nikazisoma moja moja, midomo inacheza, na nilipofika herufi ya mwisho nilitamani mchanga unimeze.

Mama peke yake hakucheka. Alisimama akinitazama na leso imefungwa nusu, kisha taratibu akaanza kuifungua.

"Mzee Ogolla," alisema, "umesikia mtoto?"

"Nimesikia," Mzee alisema, akipangusa macho. "Huyu atatuua."

"Hii boti, nani alimpa jina?"

"Ni bwana yako. Alisema nyumbani yuko na mmoja, huyu ni wa pili."

"Na wewe ulikubali."

"Nilikubali. Hata nilimwagia pombe siku ya kumshusha majini."

"Sawa. Sasa niambie. Kwako nyumbani, mvua ikinyesha, nani anaanza kupanda mbegu?"

Mzee Ogolla aliuona mtego, lakini mguu ulikuwa tayari ndani.

"Mikayi," alisema.

"Na nyachira akimtangulia?"

Ni mwenyekiti aliyemjibia, pole pole, kama mtu anayesoma barua: "Akimtangulia, hiyo ni chira." Na kila mtu pale aliijua chira, ile laana ya kuvunja mwiko ambayo humkausha mtu na kuziba mkono wake usipate.

"Basi," Mama alisema. Sasa sauti yake ilifika mpaka kwa wanawake wa omena. "Nyinyi mmeenda kwa maji na nyachira misimu mingapi? Mikayi hajatia hata kidole. Halafu mnashangaa boti inavuja, tanga inararuka, na nani anawashonea? Kama kuna mwenye mkosi hapa, Mzee, si mimi. Mimi ndiye nimekuja kuwatengenezea."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee Ogolla akamtazama Baba, ambaye kwa mara ya kwanza asubuhi ile alikuwa ameinua uso. Akaitazama mashua, kama anayetaka yenyewe iseme kitu.

"Yawa, jamani," alisema mwishowe. "Huyu mama angekuwa wakili, jela zote zingekuwa tupu. Panda, mikayi. Lakini vua viatu."

"Na mtoto?" Baba akauliza.

"Mtoto ametukana bibi yetu mbele ya watu. Apande, amwombe msamaha."

Nikaomba msamaha. Niliweka kiganja juu ya ule ubao wa samawati, ukiwa na joto la jua, nikasema, "Nisamehe, mama mdogo," na wanaume wazima wanne wakaitikia "amesamehe" bila mzaha wowote. Kisha Baba akampa Mama mkono. Nimeona harusi nyingi baadaye, nyingine za kifahari, na sijaona mwanamume akimpa mke wake mkono namna ile.

Sitasahau saa iliyofuata. Mama hakujua kuogelea, na mawimbi yalipoanza kuiinua Nyachira midomo yake ilikauka ikawa myeupe, lakini alisimama. Baba alimshika mkanda wa gauni kwa nyuma kwa mikono miwili. Mashua tano nyingine zilikuwa zimetangulia mbali, na upepo ulipogeuka, nikaliona tanga letu likigeuka nao na kujaa kwa kishindo, na zile tano zikageuza zikaja. Sikuwa nimewahi kuona kitu kinakuja namna ile. Tanga zilikuwa za kila aina, za turubai, za magunia, moja ya mashuka ya kitanda yenye maua, na jua limezipiga zote.

Na Mama, aliyekuwa akiwabembeleza watu wa Isebania wapumue, sasa alikuwa anapigia wanaume amri juu ya maji. "Mzee Ogolla, nisogeze kushoto! Zaidi! Wewe wa shati nyekundu, usinitazame! Tazama kamba yako! Mimi sipo!" Mzee Ogolla alisukuma usukani akinung'unika kwamba tangu azaliwe hajatumwa hivi, lakini alisukuma, na alijua kuiweka mashua mahali pale hasa alipotaka Mama, na kila mashua ilipopita karibu mpaka maji yake yakaturukia, kamera ikalia mara moja, mara mbili, na Mama akasema "ndiyo," kwa sauti ndogo, kama mtu aliyekutana na ndugu yake. Mimi nilikuwa nimekumbatia mlingoti na kifua kimenijaa. Nilitaka ufuo wote uone. Nilitaka Mercy aone, na nyanya yangu aliyekuwa akidai masufuria, na hata yule mtu wa Kisumu ambaye hakuwa amenikosea lolote.

Ilipobaki picha chache kwenye filamu, Baba akasema, "Na sisi?"

Kumbe hakuna aliyewaza hilo. Mama alikuwa ndani ya Nyachira, na Nyachira haiwezi kupigwa picha kutoka ndani yake. Jua lilikuwa limekaribia utosini. Hoja ya mikayi ilikuwa imetufikisha pale na hapo ikaishia, maana mashua nyingine zote zilikuwa na majina ya mama na nyanya za watu, na Mama hakuwa mke mwenza wa yeyote kati ya hao. Akaanza kushusha kamera.

Mashua ya mwenyekiti iliitwa Nyar Gwassi, binti wa Gwassi, kwa ajili ya mama yake aliyezaliwa huko. Mwenyekiti alikuwa ameigeuza bila kuitwa. Alikuja mpaka ubavu ukagusana na ubavu wetu, akanyoosha kasia.

"Japicha," alisema, yaani mpiga picha, na ilikuwa mara ya kwanza kusikia mtu yeyote akimwita Mama hivyo, "shika hapa uvuke."

"Na Nyar Gwassi hataona wivu?" Mzee Ogolla akauliza.

"Huyu ni mama yangu," mwenyekiti alisema. "Mama yangu hakuwahi kumwacha mgeni nje."

Mama alivuka. Mguu mmoja Nyachira, mguu mmoja Nyar Gwassi, ziwa lote katikati, na hakuna aliyepumua. Kisha Baba akachukua kamba, Mzee Ogolla akachukua usukani, tukaenda mbali, tukageuza, tukaja. Nilimwona Mama kwa mbali akikua, amesimama miguu wazi katika mashua ya watu, gauni likipigwa na upepo, kamera usoni. Halafu, tulipokuwa karibu kabisa, aliishusha kamera kwanza akatutazama kwa macho matupu. Akacheka.

"Kumbe ni mrembo hivi!" alimpigia Baba kelele. "Kumbe ndiyo sababu hukai nyumbani!"

Kisha akapiga. Ndiyo sababu katika picha ile watu wote wanacheka, isipokuwa Mzee Ogolla, aliyekuwa ameambiwa asitazame kamera na akatii.

Kesho yake, Baba alituambia baadaye, nyavu zilitoka na samaki wa kawaida, si wengi si haba. Mzee Ogolla alieleza kwamba hivyo ndivyo nyumba yenye wake wanaopatana huwa.

Tulirudi Sori na picha zote sita, kila moja kubwa kama meza ya shule, tumezifunga kwa blanketi ya kitanda changu. Zilipoegemezwa ukutani ndani ya banda, watu walisahau kupima samaki. Kila mvuvi alitafuta uso wake, akaupata, akamwita mwenzake. Mzee Ogolla hakumwita mtu. Alisimama mbele ya Nyachira muda mrefu, mikono nyuma, akiinama karibu na kurudi nyuma, mpaka mwenyekiti akamwuliza kama kuna kasoro.

"Mimi nimeshika usukani tangu sijaota ndevu," alisema, "na sijawahi kuona boti yangu ikija. Nitaionaje? Mimi huwa ndani. Wanaotuona tukija ni wanawake, wamesimama hapa kila siku wakituhesabu. Wao peke yao ndio wanajua tunafanana na nini." Akamgeukia Mama. "Tungeita yule mwanaume wa Kisumu, angepiga mbao na kitambaa."

Nilimtazama Mama nione atasema nini, nikiwa nimejaa fahari. Mama aliinua picha ya Nyachira, akaipima ukutani kwa jicho, akaisogeza juu kidogo, kisha akaomba nyundo.